Mafuta ya Ponti Ndani ya Bwati

Tulimzika mama mudogo Jeni siku ya Jumamosi, na watu hawajamaliza hata kunawa mikono nikasikia tena uongo ule ule. Patro Zakaria, mume wake na bosi wangu wa zamani, alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki ndani ya hema la msiba, macho yamefifia, fimbo katikati ya magoti, wajukuu wamemzunguka. Alikuwa akiwasimulia maisha ya marehemu, bibi yao. Alipofika kwenye habari ya kamio, lori lake la zamani, alisema, "Tate yenu aliteseka sana tangu ule mutu wa Djugu aharibu kamio yangu na kuua Anselmi." Wajukuu wakatikisa vichwa. Hakuna aliyeshtuka, hakuna aliyeuliza mtu huyo alikuwa nani, maana walikua na habari hiyo tangu utoto. Nilikuwa nimesimama karibu, sahani ya fufu mkononi. Nikasema, "Patro, Dheda hakuweka yale mafuta. Mulijua siku ile, na hata leo munajua." Aligeuza uso upande sauti ilikotoka, kisha akaomba maji ya kunywa. Kijana mmoja akainuka kuyaleta, na mazungumzo yakahamia kwenye kwaya na gari la kurudisha wageni Komanda. Nilirudi kwangu Nyakasanza, hapa Bunia, na njaa, na hasira niliyodhani imeshazeeka pamoja nami. Sasa naandika. Wale watoto watakuwa na watoto wao, na mimi sitakuwa pale kila mara kusema hapana.

Mwaka ule wa kamio nilikuwa msichana aliyemaliza shule na hana kazi. Mama mudogo aliniita nikae kwake, nimsaidie Patro kuuza mafuta ya magari kwenye depo yake. Nyumba yao ilikuwa kando ya barabara kubwa, na depo ilikuwa chumba cha mbele: sakafu ya saruji iliyoloa weusi, mapipa yamesimama ukutani, pampu ya mkono, mabido, yaani madumu, ya kila rangi, mifuko ya maranda ya mbao ya kunyonya mafuta yaliyomwagika. Nyuma yake kulikuwa na chumba cha kulia, na ukuta uliotenganisha viwili hivyo ulikuwa wa mbao tu, hivyo kila lililosemwa mezani nililisikia nikiwa napima mafuta, na harufu ya mafuta yangu iliwafikia mezani. Mama mudogo alilalamika kwamba hata sombe yake inanuka ponti. Alipika vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua: sombe ya majani ya muhogo iliyotwangwa hadi ikawa laini, samaki wa ziwa waliokaushwa kisha wakalowekwa kwenye mawese, maziwa mazito ya ng'ombe wa upande wa Boga. Wafanyakazi wote wa garaji, iliyokuwa uani, walikula kutoka chungu kile kile. Hilo nalisema kwa sababu ni kweli, na kwa sababu lilinifanya niamini kwamba sisi ni watu wa nyumba moja.

Mekanisiye, fundi wa garaji, aliitwa Dheda. Alikuwa mtu wa Djugu, mrefu, mwenye sauti ya kugombana hata akikusalimia, na majivuno yake yalichosha watu. Hakukubali kamwe kwamba amekosea, hata siku alipofunga breki za Jeep moja kinyume, na mwenye gari akarudi akimtukana. Lakini ndiye aliyenifundisha kazi ambayo imenilisha hadi leo. Wiki yangu ya kwanza alinikuta nikimpimia mteja mafuta kwa kufuata bei tu. Alininyang'anya bido. "Weye unauza soda?" akasema. "Uliza kwanza: ni ya bwati ao ni ya ponti?" Bwati, kwa asiyejua, ndilo sanduku la vitesi, pale mkono wa dereva unapobadilisha gia. Ponti ni ule uvimbe wa chuma katikati ya ekseli ya nyuma, unaogeuza nguvu ya injini na kuipeleka kwenye magurudumu. Vyote viwili vinakunywa mafuta mazito, vyote viwili vinafungwa kwa bushoni, kizibo cha chuma, na mtu asiyefundishwa ataona mafuta yao ni kitu kimoja.

Siku hiyo Dheda alileta ponti iliyofunguliwa na bwati iliyofunguliwa, akaviweka sakafuni mbele yangu. "Ngalia hapa mu ponti. Meno inakanyagana, tena inateleza moja juu ya ingine, na kamio iko na muzigo. Bila dawa kali mu mafuta, chuma inakula chuma. Njo maana inataka ile yenye baliandika GL senki." Kisha akanishika kidole na kukipitisha ndani ya bwati, juu ya pete nyembamba za rangi ya manjano. "Na hii? Ni shaba. Njo inatuliza vitesi kabla haijaingia. Ukiweka dawa ya ponti hapa, dawa itakula shaba, polepole, bila kelele. Hapa ni GL katre." Senki ni tano na katre ni nne, kwa Kifaransa. Alinifundisha pia kunusa. Mafuta ya ponti yana harufu ya kiberiti inayokaa puani. Alinifundisha kusoma namba za uzito, na kufikiria njia ambayo gari litapita: asubuhi ya Bunia ni baridi, na mafuta mazito mno hufanya mkono wa gia ugome, ziwani ni joto, na mafuta mepesi mno huko chini yanakimbia kama maji na kuacha meno makavu. Aliniambia nisiamini rangi, nisiamini sifa za muuzaji, niamini kitabu cha gari na kile kinachotoka kwenye bushoni siku ya kumwaga. Leo kuna mafuta yanayotengenezwa kufaa pande zote mbili, na yanaandikwa hivyo. Yaliyokuwa kwenye mapipa ya Patro mwaka ule hayakuwa hayo.

Mapipa hayo yaliingia mwanzo wa mvua. Nilimsikia Patro kupitia ukuta wa mbao akila na mfanyabiashara mwenzake aliyeyavusha kutoka ng'ambo ya ziwa. Mgeni alikuwa akitafuna huku akisifu. "Hii ni senki, Patro. Ya mwisho kabisa. Na weye bado unanunua katre?" Patro akacheka. "Kumbe nilikuwa naharibu mali. Nitaweka hii kote. Bwati, ponti, yote." Mama mudogo aliwaongezea samaki. Mimi niliweka pampu chini, nikaenda uani kumwambia Dheda, nikiamini kwamba jambo dogo kama hilo litamalizwa kwa maneno machache.

Halikumalizwa. Ugomvi ulifanyika uani mbele ya kila mtu, kamio ya Patro ikiwa imesimama juu ya shimo. Kamio ile ndiyo iliyokuwa uso wa nyumba. Ilishuka ziwani na maharage na unga, ikapanda na samaki, na wakati mwingine ilikwenda Komanda kuchukua mbao. Dereva wake, Anselmi, alikuwa kijana mwembamba mwenye mluzi, baba wa mtoto mmoja, na mke wake Odeta alikuwa na mimba. Dheda alisimama mbele ya Patro na mikono yake yenye grisi. "Mu ponti, naweka. Mu bwati, hapana. Itakula sinkro, zile pete."

"Niambie kitu moja tu," Patro akasema. "Senki na katre, gani iko kubwa?"

"Haiko mambo ya kubwa, Patro. Ni mambo ya kazi yake."

"Kamio ni ya nani?"

"Ni yenu."

"Basi weka."

Dheda akatupa chini ufunguo wa bushoni. "Mi siweki. Na mi nasema mbele ya batu yote: mukiweka hii, kamio haitamaliza mvua." Akaondoka, akaenda kuvuta sigara barabarani. Patro, mishipa ya shingo imesimama, akamgeukia Anselmi. Anselmi alinitazama, akamtazama Patro, kisha akainama akaokota ufunguo. Ndiye aliyefungua bushoni na kumwaga mafuta ya zamani. Ndiye aliyejaza mapya. Nilikuwa nimeshika faneli. Mama mudogo alikuwa kwenye mlango wa jikoni na ungo wa mchele, akitazama mambo yote hadi mwisho.

Kwa muda kamio ilikwenda vizuri, na Patro alikuwa anamtania Dheda wakati wa chakula. "Profesa, bwati yako imekufa?" Dheda akajiongezea sombe. Kisha Anselmi akaanza kulalamika. Gia ya pili ilikuwa inakwaruza. Aliniambia sasa analazimika kukanyaga amburiaji, yaani klachi, mara mbili na kusubiri injini ishuke sauti ndipo gia iingie, tena si kila mara. Dheda akafungua bushoni ya bwati bila kuomba ruhusa, akakinga mafuta kidogo kwenye kiganja, akayapeleka juani. Yalikuwa yanametameta. Chembe ndogo za manjano zilielea ndani yake, kama mchanga ule ambao wachimbaji wa Mongbwalu hufurahia kuuona kwenye karai. Anselmi akapiga mluzi. "Patro! Kamio yako inachimba dhahabu!" Sote tulicheka, hata Dheda. Patro alikuja, akatazama, hakucheka. Dheda akamwambia kwa sauti ya chini, ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Patro, tuifungue. Tuibadilishe pete, tuweke mafuta yake. Nitafanya mi mwenyewe, siku ya Mungu, bila kitu." Patro akasema mzigo wa ziwani umeshapakiwa, watafungua ikirudi. Ilirudi, ikapakiwa tena. Nilimwomba mimi mwenyewe mezani, mbele ya mke wake. Aliniambia, "Adele, weye iko mutoto wa nyumba. Usikuwe kinywa ya Dheda."

Ajali ilitokea kwenye mteremko wa kwenda ziwani. Dereva yeyote wa Bunia anaujua: kabla ya kuanza kushuka unaingiza gia ndogo, injini inashika gari, na breki unazigusa tu. Mama mmoja mchuuzi wa samaki, aliyekuwa juu ya magunia na akarushwa majanini, ndiye aliyenieleza. Alisema walisikia gia ikikwaruza, ikaacha, ikakwaruza tena, tena, kisha kukawa kimya na kamio ikaanza kwenda kama isiyo na mwenyewe. Walinusa breki zikiungua. Anselmi alitoa kichwa dirishani akapiga kelele, "Rukeni! Rukeni!" Yeye hakuruka. Alikuwa anapigana na usukani kuielekeza kwenye ubavu wa mlima badala ya bondeni, na aliweza nusu. Alikufa yeye na wachuuzi wawili. Walipomleta nyumbani kwake nilikuwa nimemshika Odeta mkono, na alinibana vidole hadi vikafa ganzi. Hakulia. Alikuwa anauliza kila aliyeingia, "Kwa nini haikushika? Kwa nini haikushika?"

Swali hilo lilikuwa na jibu, na jibu lilikuwa ndani ya depo yetu. Lakini Patro alikuwa na maiti tatu na familia tatu zilizokuja kusimama mlangoni pake, na siku hizo za vita vya makabila Bunia ilikuwa mji ambao kila mtu aliangalia kwanza jina lako na kijiji chako kabla hajasikia unachosema. Sikusikia Patro alianza lini kusema. Nilisikia tu, kupitia ukuta ule wa mbao, sauti za wanaume waliokuja kumpa pole, na mmoja akauliza, "Lakini si ule mutu alisema kamio haitamaliza mvua?" Kisha Patro akasema polepole, kama mtu anayejaribu kiatu, "Alisema. Mbele ya batu yote." Hapo onyo likageuka kitisho. Niliingia mezani bila kuitwa. Nikasema Dheda alikataa kuweka mafuta, ndiyo maana alisema vile, wote walikuwepo. Wageni wakamtazama Patro. Patro akasema, "Mutoto iko na uchungu ya Anselmi. Muache."

Askari walikuja kumchukua Dheda wakati wa chakula cha mchana. Alikuwa ameketi kwenye tairi uani, sahani ya sombe ya mama mudogo magotini. Patro akanyoosha kidole. "Njo huyu." Dheda hakukimbia wala hakupandisha sauti, yeye aliyepandisha sauti kwa kila kitu. Aliweka sahani chini, akauliza kama anaweza kunawa mikono, wakamkatalia. Nikamfuata hadi ofisini kwao na kusema nilichoona: nani aliagiza, nani alifungua bushoni, nani alijaza. Afisa alinisikiliza akichokonoa meno.

"Weye iko mekanisiye?"

"Hapana. Nauza mafuta."

"Na nani aliona pamoja na weye?"

"Anselmi ndiye aliyeweka."

"Anselmi amekufa. Nani mwingine?"

Nikasema, mama mudogo Jeni. Akatabasamu, akasema basi aje. Akaniuliza Dheda ametoka kijiji gani hasa, na hilo ndilo swali pekee ambalo aliniangalia usoni alipoliuliza.

Nilimkuta mama mudogo jikoni akichambua maharage. Nilimwambia kila kitu, nikamwomba twende wote kabla hawajaanza kumpiga. Mikono yake haikusimama. "Niliona," akasema. "Nilisimama pale mulangoni, niliona yote. Unafikiri sikuona?" Nikasema basi inuka, mama. Akatupa maharage mabovu kando, akasema, "Nikienda kule, hii nyumba imeisha. Wale batu watachoma depo. Bwana yangu atafungwa. Watoto yangu watakula wapi? Dheda iko peke yake, haana muke." Kisha akaniangalia na macho makavu. "Weye unasema kweli, Adele. Lakini hiyo kweli yako italala wapi leo? Hapa haitalala." Alikuwa amekwisha kufunga nguo zangu. Begi lilikuwa nyuma ya mlango, na juu yake ameweka kifurushi cha fufu na samaki kilichofungwa vizuri kwenye jani la ndizi, ili nisilale njaa. Kwa miaka mingi nimejaribu kumchukia bila kukumbuka kifurushi kile, nikashindwa. Na nimejaribu kumsamehe kwa ajili ya kifurushi kile, nikashindwa pia. Jumamosi nilitupa udongo wangu kaburini kama wengine, na bado sijui nilitupa kwa moyo gani.

Nilihamia kwa rafiki niliyesoma naye, nikaanza kuuza mafuta kidogo kidogo barabarani, kwenye meza. Odeta alipita siku moja na mimba yake kubwa. Nikamwita, nikataka kumweleza. Akatema mate chini karibu na miguu yangu akasema, "Unamtetea aliyeniulia bwana." Alikwenda zake, na sikumlaumu; aliambiwa habari nyepesi kuibeba, mimi nilikuwa na nzito. Kabla mvua hazijaisha kabisa niliambiwa kamio imeuzwa kwa mkata vyuma wa karibu na soko. Nikamwendea, nikamwomba afungue mfuniko wa bwati kabla hajaikata. Alikuwa mtu mpole asiye na haja ya kujua sababu. Tulifungua pamoja. Harufu ya kiberiti ilitoka hata kabla mfuniko haujaondoka wote. Pete za gia ya pili na ya tatu zilikuwa zimeliwa hadi zikawa nyembamba kama ukucha, mistari yake yote imefutika, laini kabisa, haziwezi kushika chochote. Meno ya chuma pembeni yake yalikuwa mazima, yanang'aa. Nilichukua pete moja, nikaipeleka kwa afisa yule yule. Akaigeuza mara moja, akauliza kama ni ya kuuza.

Dheda aliachiliwa bila kuhukumiwa, bila mtu kumwambia ana kosa au hana. Hakurudi Djugu, kwa sababu wakati huo kijiji chake kilikuwa hakina watu tena. Nilisikia yuko Mahagi-Port, nikapanda gari la wachuuzi kwenda kumtafuta. Nilimkuta kwenye kibanda cha mabati karibu na pale samaki wanapoanikwa, anauza chumvi. Alikuwa amekonda, na mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya meza kama kitu cha mtu mwingine. Vidole vitatu havikukunjika. Alipima chumvi kwa mkono wa kushoto. Alinikaribisha kwa sauti ndogo, akanipa kigoda, akaagiza chai. Alinisikiliza nikimweleza yote, ofisi, jikoni, mkata vyuma. Wateja walikuja, akawahudumia, akarudi kunisikiliza. Nje mtu alikuwa akihangaika kuwasha pikipiki isiyotaka kuwaka, na Dheda hakugeuza hata kichwa.

Nikafungua kitambaa, nikampa ile pete. Aliipokea kwa mkono wa kushoto. Akapitisha kidole gumba ndani yake, polepole, akazunguka yote, kama alivyonipitisha mimi kidole siku ile sakafuni. Uso wake ulibadilika kidogo tu, nikaona yule mtu wa zamani anataka kusema neno, kujivuna, kugombana. Nikangoja. Nilikuwa nimesafiri njia yote ile kumsikia akisema, "Niliwaambia".

"Nani mwingine aliona hii?" akauliza.

"Mukata vyuma. Na afisa."

"Na Patro?"

"Hapana."

Aliiweka pete katikati ya kitambaa, akavuta pembe za kitambaa juu yake moja baada ya nyingine, akanirudishia. "Beba," akasema. "Wakinikuta hapa na kipande ya ile kamio, watasema niliiba pia." Kisha mteja akaja, mwanamke mwenye beseni, na Dheda akainuka kumpimia chumvi.